Faili Nililolifunga Mara Mbili

Wekeni simu zenu kando kidogo, wanangu. Nimeombwa niwaandikie nyinyi mnaosomea kazi ya ustawi wa jamii, mnaongoja barua za kupelekwa nyanjani, na sikuhitaji kubembelezwa. Mstaafu akiulizwa habari za kazi yake huwa ni bomba lililopasuka. Atakayechoka afunge ukurasa, sitamwona.

Jina langu Bi Saumu. Miaka yangu mingi nilifanya kazi Msambweni, katika ofisi ya chumba kimoja na nusu, na ile nusu ilijaa magodoro ya msaada. Kila mwaka chuo kikuu kilituletea wanafunzi wa shahada, wawili au watatu, wakae nasi miezi mitatu chini ya uangalizi wangu. Mimi ndiye niliyewapangia nyumba za kutembelea, niliyesoma ripoti zao, niliyetia sahihi. Hilo la sahihi lishikeni, nitalirudia hata kama sipendi.

Nimewaona wa kila namna. Yuko binti aliyekwenda kwenye mashamba ya miwa Ramisi na viatu vya kisigino, akarudi amevibeba mkononi na soksi za matope hadi magotini. Yuko aliyekwenda Funzi na kaptura na miwani ya jua, akidhani kisiwa ni cha watalii peke yao. Kina mama wa huko walimtazama, wakampa kisu na karai, wakamketisha apae samaki mpaka alasiri. Mnacheka, lakini huyo wa kaptura alirudi na habari za nyumba sita, nani mgonjwa, nani kaachwa, mtoto wa nani haendi shule, wakati wenzake waliokwenda na fomu walirudi na majina na umri tu. Watu husema mikono yao ikiwa na kazi. Ukimkalisha mtu kwenye kiti ukamwelekezea kalamu, atakujibu kama yuko mahakamani.

Mimi mwenyewe nilifundishwa hayo kwa aibu. Nilipoanza kazi nilikuwa chini ya Bi Rukia, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambaye hata machifu walimwogopa. Alinipeleka Vanga kwenye nyumba yenye msiba, nami kwa kiherehere changu nikafungua daftari na kuanza kuandika majina ya mayatima mama yao angali analia. Bi Rukia alininyang'anya kalamu taratibu, akaitia mkobani mwake, na hakunirudishia kwa wiki nzima. Wiki hiyo nilijifunza kusikiliza, maana nisiposikiliza ningeandika nini nikirudi ofisini? Nami nikaapa kuwa wanafunzi wangu wote wataonja dawa hiyohiyo.

Sasa nije kwa Mutiso.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini. Mvua kubwa zilikuwa zimekula barabara, na zile fujo za Likoni, za kuwafukuza watu wa bara, bado zilikuwa vinywani mwa watu. Mtu wa bara akishuka Ukunda na begi alitazamwa mara mbili, naye akatazama mara tatu. Mutiso alitoka Ukambani, mrefu, mwembamba, mwenye haraka. Alifika ofisini asubuhi, akamkuta mama mmoja mtu mzima amekaa kwenye benchi anangoja zamu yake, akamwamkia bibi huyo kwa furaha, kwa lugha ya vijana wa bara, "Sasa, shosho!"

Yule mama akanigeukia. "Bi Saumu, huyu kijana yuwasemaje?"

"Yuwakuamkia, mama."

"Haya. Basi salamu zake hazijafika."

Nilimfundisha shikamoo siku hiyohiyo. Nilimfundisha kupiga hodi na kungoja, kuvua viatu, kuketi anapoelekezwa, kupokea anachopewa hata kama ni maji ya kisima. Alishika upesi, sina la kumlaumu. Kosa lake lilikuwa moja: aliamini fomu. Mahali palipokuwa na kisanduku alipajaza, na pasipokuwa na kisanduku kwake palikuwa hapana kitu.

Nilimpangia nyumba moja kijiji cha Bodo. Ndani mlikuwa na mjane kijana aitwaye Mwanaisha, mama mkwe wake Bi Tatu, na mtoto wa miaka tisa, Riziki. Marehemu mume alikuwa akipeleka wageni Funzi kwa mashua. Homa ilimchukua kwa siku chache. Riziki alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Hakuwahi kukanyaga shule, maana shule za kijijini hazikujua wamfanye nini. Tulikuwa tumemwombea nafasi katika shule ya bweni ya watoto viziwi, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kabla baba yake hajafa, na nafasi ilikuwa imepatikana. Kilichobaki ni mzazi kukubali kwa sahihi yake. Kazi ya Mutiso ilikuwa hiyo tu. Nilidhani nimempa kazi nyepesi.

Alikwenda mara tatu. Kisha akaniletea ripoti, pamoja na nyingine kumi na mbili za kwake na za mwenzake, siku ambayo watu walikuwa wamejaa mlangoni wakingoja mablanketi. Nikatia sahihi moja baada ya nyingine, na barua zilizoambatana nazo, chap chap, huku nikijibu watu. Sikusoma. Wanangu, nasema waziwazi: sikusoma.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mwalimu wa ile shule.

"Bi Saumu, nafunga orodha Ijumaa. Riziki wa Bodo nimemtoa, nafasi nampa mwingine. Sawa?"

"Umemtoa kwa nini?"

"Si nyinyi mlioniletea barua kwamba faili limefungwa? Hapa pana sahihi yako."

Nilimwomba anishikie nafasi hadi hiyo Ijumaa, nikaweka simu, nikalitoa faili kabatini. Mwandiko wa Mutiso ulikuwa mzuri ajabu. Aliandika hivi: *Mteja anajifungia chumbani katika ziara zote tatu. Hataki kuonana na afisa. Mama mkwe asema hatoki. Chumba kina giza. Dalili za ugonjwa wa huzuni. Amekataa huduma. Faili lifungwe.* Na chini yake, kwa wino wa buluu, jina langu.

Mwanaisha alikuwa edani! Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hutulia nyumbani kwake, hajipambi, haonani na wanaume wasio wa kwao. Nani Pwani asiyejua? Bi Tatu hakumweleza Mutiso kwa sababu hakuna anayeeleza jambo kama hilo, ni sawa na kueleza kwa nini watu hufunga mlango wakioga. Mutiso hakujua, na hakuuliza. Lakini mimi? Mimi niliyekaa eda yangu mwenyewe, nikaletewa chai na shangazi zangu chumbani, nimetia sahihi karatasi inayosema mwanamke wa eda ni mgonjwa na mkaidi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nilimwita. Nikamweleza eda ni nini, na sauti yangu haikuwa ndogo.

"Madam," alisema, na uso umemshuka, "mimi nilifikiri ananichukia. Kwa sababu ya mambo ya Likoni. Nilifikiri hataki mtu wa bara kwake."

"Na siku zote tatu ulikuwa ukifanya nini huko, kama mlango ulifungwa?"

"Nilikuwa nakaa nje tu na yule mtoto. Anapenda kunionyesha vitu kwa mikono. Anachekesha."

"Mbona hukuandika?"

"Hakuna mahali kwa fomu."

Fomu ile niliichora mimi.

Msiba haukuishia hapo. Jumatano ndiyo siku aliyokuwa anakuja mwalimu wake wa chuo kumkagua, na asipofaulu mafunzo ya nyanjani angerudia mwaka mzima. Nilimwambia Mutiso abaki ofisini na mwalimu wake, amwonyeshe mafaili yale mazuri, mimi niende Bodo peke yangu. Mimi ni mwanamke, nitaingia ndani, nitazungumza, nitarudi na sahihi, na hakuna atakayejua. Ndiyo, wanangu, mimi Bi Saumu nilitaka kuficha.

Mwalimu alipofika, bwana mnene mpole mwenye koti, Mutiso alisimama kabla hajakaribishwa kiti. "Mwalimu, kuna kesi niliharibu. Tunaenda kuirekebisha leo. Ukitaka kunikagua, nikague huko."

Mwalimu akanitazama mimi. Nikasema, "Aliharibu yeye, nami nikatia sahihi bila kusoma." Maneno hayo yalikuwa machungu kutoka, lakini yalipokwisha kutoka nikajisikia mwepesi.

Kabla ya kupanda gari la ofisi nilinyoosha kiganja. Mutiso akanipa kalamu yake bila kuuliza. Yangu nikaiacha mezani pia, ili tuwe sawa.

Barabara ya Bodo ilikuwa madimbwi. Tulifika saa nne. Bi Tatu alitupokea barazani, mwanamke wa umri mkubwa, leso mbili, mgongo ulionyooka. Mutiso akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na wenyewe."

Wanaume wakatandikiwa mkeka barazani, wakaletewa kahawa na kaimati. Mimi nikaingia ndani. Mwanaisha alikuwa ameketi kitandani katika nguo zake za eda, mdogo kuliko nilivyomdhania, macho makavu. Nilimpa pole. Kisha nikamweleza habari za shule: walimu waliosomea, vitanda, likizo, wenzake Riziki walio kama yeye. Nilisema vizuri, siwadanganyi; nilikuwa na sifa ya kusema. Bi Rukia angenipigia makofi.

Akaniambia, "Bi Saumu, mume wangu alitolewa mlango huu kwenye jeneza, hakurudi. Nikitoe na kitoto changu kwa mkono wangu mwenyewe? Kivuke maji? La. Nisamehe."

Nikajaribu tena kwa njia nyingine. La. Nikajaribu ya tatu. Akatikisa kichwa tu. Nilielewa kwamba nimeshindwa, na Ijumaa iko pale. Nafasi ya pili ingepatikana lini? Mwaka ujao, huenda isipatikane kabisa, na Riziki angekua bila lugha yoyote hadi utu uzima. Nilijiona mzee siku ile.

Hapo ndipo nikaisikia sauti ya Mutiso kutoka barazani, taratibu, si ile ya haraka tuliyoizoea. "Bi Tatu, naomba ruhusa. Naweza kumwambia aliye ndani neno moja? Sitatazama mlango."

Bi Tatu akasema, "Geuka uelekee uani. Useme."

Baadaye mwalimu aliniambia kwamba Mutiso alikaa ameupa mlango mgongo, na Riziki amesimama mbele yake.

"Mama Riziki, mimi ni Mutiso. Nilikuja hapa mara tatu, nikaandika kwamba umekataa msaada. Nilikosea. Sikujua hali yako na sikuuliza. Nisamehe. Kuna kitu Riziki amekuwa akinionyesha kila nikija, na sasa hivi ananionyesha tena. Anasukuma pondo, hivi, kama mtu wa mashua. Anaelekeza kidole upande wa Funzi. Halafu anafungua viganja. Nilidhani ananisifia kazi ya baba yake. Lakini anangoja jibu, mama. Ananiuliza baba atarudi lini."

Mwanaisha alishika mkono wangu.

"Halafu anaonyesha mlango wako. Anakunja mikono namna hii, kama mtu amefungwa pingu. Halafu anajigusa kifua, ananitazama machoni. Jana nimeelezwa kwa nini hutoki. Yeye hajaelezwa. Mama, nafikiri anauliza kama umefungwa kwa kosa lake."

Bi Tatu alisema, "La ilaha illallah." Sauti yake ilikuwa imevunjika. "Ndiyo maana kila alasiri yuwateremka pale mashua zinapotia nanga. Mimi hudhani yuwacheza. Kumbe yuwamngoja mwanangu. Siku ya maziko tulimpeleka kwa jirani, asione. Tulimficha kwa huruma."

Ndani, Mwanaisha alilia kwa mara ya kwanza, nafikiri, tangu siku za mwanzo. Nilimwacha alie. Alipoweza kusema aliniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Bi Saumu, mimi nitamwambiaje? Ishara ya chai ninayo. Ya lala ninayo, ya njoo, ya nguo, ya moto usiguse. Ya kifo sina."

Alijifuta uso kwa upindo wa leso, akanyoosha mgongo sawasawa na mkwewe, akasema, "Leteni hiyo karatasi. Aende akapewe maneno. Akirudi aniulize, nami nimjibu."

Nikatoka mbio barazani. Karatasi ipo. Kalamu? Nikamtazama Mutiso, Mutiso akanitazama mimi. Yake niliichukua, yangu niliiacha mezani Msambweni, na Bi Tatu katika maisha yake hajawahi kuweka kalamu. Kidogo nicheke, kidogo nilie. Ndipo yule bwana mnene akatia mkono kwenye koti lake, akatoa kalamu nzuri ya rangi ya dhahabu, ile aliyokuja nayo ya kumpa Mutiso maksi. Bi Tatu akaipokea juu ya sinia pamoja na fomu, akaingia nayo ndani kama anayepeleka chakula cha mgeni mkubwa. Mwanaisha alisoma darasa la saba. Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi.

Alhamisi asubuhi tulivuka kivuko, mimi na Mutiso, tukaikabidhi ile fomu mkononi mwa mwalimu wa shule. Akachukua orodha, akaandika: Riziki. Mutiso aliruka pale ofisini mpaka katibu akasimama. Mimi sikuruka, kwa sababu ya magoti, lakini moyo wangu uliruka zaidi yake. Na habari ya maksi? Mwalimu wa chuo alisema amefika kukagua mwanafunzi mmoja na amekagua watu wawili, na wote wawili wamefaulu. Kalamu yake ya dhahabu aliisahau Bodo. Bi Tatu hakuwahi kuirudisha, na hakuna aliyemdai.

Shule ilipofunguliwa, Bi Tatu na mimi tulimpeleka Riziki. Mama yake alimuaga akiwa ndani, akamfunga leso yake mwenyewe mabegani. Mtoto alilia hadi Likoni. Sitawadanganya kwamba hakulia. Mimi pia nilijiuliza njia nzima kama tumefanya sawa.

Likizo ya kwanza nikaenda Bodo. Eda ilikuwa imekwisha zamani. Mwanaisha alikuwa uani, amevaa leso mpya nyekundu, anapepeta mchele. Riziki alinikimbilia. Kisha akamgeukia mama yake, na mikono ile miwili midogo ikaanza kusema, kwa kasi, kwa mpango, na mama akajibu kwa mikono yake, polepole, akikosea, akisahihishwa. Bi Tatu naye alikuwa amefundishwa ishara kumi na alizitumia zote kumgombeza kuku.

Mwanaisha akaniambia, "Aliniuliza siku aliyofika. Hakuweka hata mfuko chini. Nikamjibu kwa ishara aliyokuja nayo mwenyewe. Tulilia, kisha akaniandalia chai yeye."

Riziki alijua tunamsema. Akasimama mbele yangu, akakunja mikono yake kama ya pingu, ile ishara ya zamani. Akanielekezea mama yake. Akatikisa kichwa, la, la, akaiachanisha mikono kwa nguvu huku anacheka, kwamba hakufungwa, hakuna aliyefungwa. Pale mashua zinapotia nanga hakuteremka tena kungoja.

Nilirudi ofisini nikaichukua ile fomu yangu ya ziara, nikatia karatasi mpya kwenye taipureta, nikaongeza kisanduku kimoja chini kabisa, kikubwa kuliko vyote: *Uliona nini ulipokuwa ukingoja?* Wanafunzi wote waliomfuata Mutiso walikijaza. Wengi walilalamika. Na mara nyingi nilianza kusoma ripoti kutoka hapo.

Mutiso sasa ni mkubwa wa ofisi huko kwao, ana kitambi, na wanafunzi wake huniambia kuwa huwanyang'anya kalamu wiki ya kwanza. Riziki alimaliza shule, akajifunza cherehani, na leo ana duka lake la ushonaji Ukunda na wasichana wawili viziwi anaowafundisha kazi. Gauni nililovaa siku ya kustaafu alinishonea yeye, na akakataa kabisa nimdanganye kipimo cha kiuno.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nililitoa faili la Riziki kabatini ili nilifunge kwa mara ya pili. Lilikuwa nene. Watu walikuwa wamejaa mlangoni siku hiyo, na mrithi wangu alikuwa amesimama karibu na kalamu mkononi, ana haraka. Nikamwambia avute kiti, angoje. Nikaanza ukurasa wa kwanza, ule wenye sahihi yangu ya buluu, nikasoma lote hadi mwisho, kisha nikatia sahihi.